Kurasa Kumi na Sita za Mwanzo

Yule binti sikumpenda tangu ukurasa wa tatu. Ana miaka kumi na mitano, mdogo wake anaumwa chumba cha ndani, yeye yuko mbele ya kioo anajipaka poda ya mama yao. Anatumwa maji, anamwaga nusu njiani, anasema amesukumwa. Hakusukumwa na mtu. Ukurasa wa kumi na tano baba yake anarudi baada ya miaka, mfuko begani, anabisha. Binti anachungulia dirishani, anamjua fika, anamwambia, "Wenye nyumba walihama." Baba hasogei. Binti anashika kitasa, anakizungusha, na hapo ukurasa wa kumi na sita unakwisha. Kazi yangu nayo inakwisha.

Hiyo ni riwaya. Mimi ni mkunjaji katika kiwanda cha kuchapa vitabu. Karatasi kubwa inatoka mashineni na kurasa kumi na sita, naikunja mara tatu, nabana mkunjo kwa kipande cha mfupa, naweka. Kila mkunjaji ana fungu lake. Langu lilikuwa la kwanza, nakala elfu tatu. Kwa hiyo yule binti alimdanganya baba yake mbele yangu mara elfu tatu. Vidole vilikuwa vinakwenda tu.

"Mtoto hana adabu huyu," nilisema siku moja.

Mshonaji, tuliyemwita Bi Sindano, ndiye anayepokea mafungu yote na kuyaunga. Akacheka. "Babu, unagombana na karatasi? Umemjua juzi tu, umeshamhukumu."

"Anamfungia baba yake mlango."

"Umesoma mpaka wapi?"

"Mpaka kwenye kitasa."

"Basi nyamaza. Na uvue hivyo viatu, umekaa kama mtu anayeogopa kuachwa na basi."

Wenzangu wote hukunja wakiwa pekupeku, juu ya mkeka. Mimi sivui. Nimefanya kazi bandarini, mashambani, jikoni kwa watu, shule nimeiokota vipande vipande, na kwingi nilikofika nililala na viatu miguuni.

Sikumwambia kwamba binti yangu anakaa mtaa wa pili kutoka kiwandani. Nilimwacha akiwa na umri uleule wa yule wa kitabuni. Sasa ni fundi cherehani, ana kibao chake mlangoni. Miezi miwili nilipita pale kila asubuhi, mkono haunyanyuki. Nilishaamua: nitabisha mara moja, na akinifukuza, siku hiyohiyo niko barabarani. Mfuko ulikuwa umeshafungwa.

Ijumaa, nakala ya mwisho ilipokwisha, Bi Sindano alinitupia fungu la pili. "Shika, usije ukafa na kinyongo."

Nikasoma nimesimama. Binti anafungua kidogo, anamtazama baba yake, anafunga tena. Habamizi. Anakwenda jikoni, anamimina maji kikombeni, anaketi kuuelekea mlango. Anataka kujua huyu mtu safari hii atakaa muda gani.

Sikusoma zaidi.

Jumamosi mchana nilibisha. Cherehani ikanyamaza. Binti yangu alifungua kiasi cha uso, pini midomoni, futi ya kupimia shingoni.

Akatoa pini, moja moja. "Shikamoo," akasema, kama anavyomwambia mteja.

"Marahaba, mwanangu. Ni mimi."

"Naona." Akautazama mfuko begani mwangu. "Unapita?"

Nikaukaza mfuko begani. Akafunga mlango, taratibu.

Nilisimama. Stendi ilikuwa upande wa kulia, mwendo wa dakika tano, na basi la saa tisa lilikuwa bado halijaondoka. Nikashusha mfuko, nikakaa kizingitini. Ndani, cherehani haikuanza tena.

Nikalegeza kamba za viatu. Cha kushoto kiligoma kutoka. Nikakivuta kwa mikono miwili.