Rufaa ya Mgongo wa Sajenti

Tangu waliposhuka kituo cha mabasi ya mwendokasi Gerezani, Elieshi alikuwa amemwambia mumewe jambo moja tu, tena kwa kulirudia mpaka likamkera hata yeye mwenyewe: leo usijikaze. Bodi ya kwanza ya afya ya jeshi ilimkataa kwa sababu ya huko huko kujikaza. Walimuuliza kama anaumwa, Sajenti mstaafu Isidori akajibu yuko imara, nao wakaandika yuko imara. Sasa ulitaka waandike nini?

Lori la jeshi lilipinduka naye mazoezini, likamwachia mgongo mbovu na magoti yaliyokwisha. Daktari kasema bila upasuaji mwaka hautaisha akiwa anatembea. Jeshi lingegharamia, ila mpaka bodi ikubali kwamba aliumia kazini na kweli hajiwezi. Na hii ya leo ndiyo rufaa ya mwisho.

Ngazi za kufika ofisi ya bodi, ghorofa ya tatu, alipanda mwenyewe, akikataa mkono. Elieshi, ambaye meza yake ya mitumba sokoni Mchikichini alikuwa amemwachia mdogo wake Ritha, alimfuata nyuma.

Ndani walikuwa wajumbe watatu, na mwenyekiti alikuwa mama wa makamo aliyevaa magwanda. Elieshi alipoyaona tu yale magwanda, akajua mumewe atajikaza. Na kweli bwana, Isidori akatoa kifua mbele kama kuruta. Kulala? Analala vizuri. Kubeba ndoo ya maji? Anabeba. Mwenyekiti aliandika, na kila kalamu ilipogusa karatasi Elieshi aliona upasuaji unayoyoma. Mwongo mkubwa we, alisema moyoni, utakufa na sifa zako.

Akasimama bila kuitwa.

"Mheshimiwa, naomba mwambieni afungue kamba za viatu vyake."

Isidori akamtazama kwa jicho ambalo hakuwahi kumtazama nalo katika miaka ishirini na mbili ya ndoa. Mwenyekiti akaweka kalamu chini, akamwambia Sajenti afungue.

Akainama. Mikono ikafika magotini, ikagoma. Akajaribu kwa ubavu, akajaribu kuinua mguu, jasho likamtiririka mpaka kwenye kola. Hakuna aliyemwambia aache. Elieshi ndiye aliyekuwa akimvisha viatu kila asubuhi, mlango ukiwa umefungwa, hata watoto hawakujua, na alikuwa amemwapia kwamba hatamwambia mtu.

"Siwezi, afande," Isidori akasema kwa sauti ndogo.

Mwenyekiti akapiga mstari juu ya yote aliyokuwa ameandika, akaanza upya. Hapo Elieshi akajua wameshinda, lakini furaha yenyewe hakuiona. Daktari wa bodi alitaka kuyapima magoti, kwa hiyo Elieshi akapiga goti haraka afungue zile kamba. Isidori akauvuta mguu wake nyuma. Akamgeukia yule mjumbe wa tatu, mtu asiyemjua hata jina, akamwomba yeye amvue viatu.