Mgeni wa Mektrida Akiri Kosa

Asubuhi ya kesi, Mektrida alishuka kutoka Uru na jani la isale ndani ya kitenge. Alilikata mpakani mwa kihamba, shamba la ukoo, palepale marehemu mumewe alipokuwa akikata kila alipokosana na ndugu zake. Kwa Wachagga, mkosaji akikubali kosa lake na kuleta isale, hafukuzwi. Mektrida hakuwahi kuona isale likikataliwa, na hakuona kwa nini hakimu awe wa kwanza.

Mkosaji mwenyewe alikuwa Mugisho, kijana wa Kivu aliyemchumia kahawa tangu masika na kulala chumba cha nyuma. Wenye bunduki walimuua baba yake mlangoni, wakaapa kummaliza na yeye. Alikimbia nchi mpaka nchi, hadi alipokamatwa Rau akiteremsha ndizi, hana kibali. Akirudishwa Kongo, amekufa. Hilo Mektrida alilijua kama anavyolijua jina lake.

Wakili Fabian, wa msaada wa bure, aliwakuta kwenye benchi la mahakama, simu sikioni.

"Shikamoo, mama. Huyu ndiye Mugisha?"

"Marahaba. Mugisho."

"Huyohuyo. Kijana, uliingia na kibali?"

"Hapana, papa. Nilikuwa nakimbia. Baba yangu kule…"

"Nimekuuliza baba yako? Habari za baba mpelekee padri. Kibali unacho, huna?"

"Sina."

"Basi kiri, tusichoshane. Nina Wahabeshi wamejaa pale, hata Kiswahili hawajui. Ukikiri, hakimu anakuonea huruma, mchana mnakunywa supu."

Mektrida akafurahi, akalichomoa jani lake. Fabian akacheka.

"Mama, majani umeleta, mbuzi wa suluhu umemficha wapi? Lirudishe, mimi pia Mchagga. Ila maana ni hiyohiyo: akubali yaishe."

Wakili akaondoka. Mugisho akamgeukia Mektrida.

"Mama, kule kwetu ukikubali, umekwisha."

"Huku si kwenu. Huku anayekubali anasamehewa. Nakuambia mimi, mwanangu."

Laiti angemwacha abishe!

Ndani, karani alisoma shtaka la kuingia nchini bila kibali.

"Ni kweli," alisema Mugisho.

Hakimu, mwanamke mwenye sauti ya upole, akamuuliza kama ana lolote la kusema. Upole ule ulikuwa mlango wazi! Mugisho akamtazama wakili. Wakili anasoma simu. Akamtazama Mektrida. Mektrida akatikisa kichwa: aliyeshika isale hajitetei, akijitetea anaharibu msamaha.

"Naomba msamaha," alisema Mugisho.

Hakimu akaandika. Kifungo, na akimaliza arudishwe alikotoka.

Mektrida akainuka kumfuata Mugisho. Khyati, wakili kijana aliyekuwa akisubiri kesi yake, alimshika mama mkono, akamtoa nje.

"Mama, kwani yule anakimbia nini?"

Mektrida akamweleza yote: mlango, bunduki, kiapo. Khyati akafumba macho.

"Na hakuna aliyemwambia hakimu? Hilo ndilo la kusemwa kabla ya lolote. Mtu akisema anaomba hifadhi, husikilizwa kwanza."

"Basi turudi tukaseme."

"Amekiri kwa kinywa chake, mama. Rufaa ya mtu aliyekiri ni ngumu mno."

Mektrida akamtafuta Fabian kwa macho. Alikuwa mwisho wa kibaraza, amewasimamisha Wahabeshi wake mstari mmoja, anawafundisha neno kama watoto wa chekechea.

"Semeni wote: kweli. Kwe-li."

"Kwe-li," waliitikia, wengine wakitabasamu.

Uani, gari la magereza lilikuwa limeshawashwa. Mektrida alifika huku akihema. Vidole vya Mugisho vilitokeza kwenye wavu, kisha uso wake.

"Mama, nilisema vizuri?"

Mektrida alivishika vile vidole.

"Ulisema vizuri, mwanangu."

"Basi watanisamehe lini?"

Askari akamwambia mama asogee, gari linatoka.