Aliyedhani Ameishiwa

Kazini walimwita Tanuri, na jina lilimkaa. Alikuwa mwoka mikate wa aina yake: kipimajoto kilining'inia ukutani kikila vumbi, yeye akipima moto kwa kiuno. Alisogea mpaka mlango wa tanuri ukamgusa, akatulia hapo, kisha akasema, "Bado," au, "Haya, ingizeni." Mkate wake haukuungua wala haukutoka mbichi, na alijivunia hilo kuliko kitu chochote.

Nyumbani hakuwa na la kuringia. Ndoa ilishafika miaka minne, mtoto hakuna. Mama yake, waliyekaa naye, alishaamua tatizo ni la nani. Kila asubuhi alimchemshia mkwewe mizizi michungu kama nyongo, akamsimamia mpaka amalize kikombe. Mchana aliwaambia wageni kwamba mwanawe ameoa pambo la nyumba. Mke mwenyewe alikuwa fundi cherehani, maneno hayampigi chenga mbele ya wateja, lakini mbele ya mama mkwe alikuwa bubu. Tanuri naye alikula kimya.

Sababu ya kimya hicho aliijua. Enzi zile kabla hajaoa, alipokuwa akilala na wenzake kwenye chumba cha nyuma ya kiwanda cha mikate, alikuwa na mazoea ya kujichua, kama wengi wa mle ndani. Siku moja mpakiaji mmoja, bingwa wa kujua kila kitu, akawaambia kwamba mwanamume huzaliwa na gunia lake moja tu la unga. Anayechota ovyo atakuja kukuta gunia tupu siku ya kuoka. Wenzake walicheka wakalala. Tanuri, mtu wa unga, hakucheka. Aliacha palepale, lakini aliona ameshachelewa, na hofu hiyo akaingia nayo kwenye ndoa.

Hospitali ilimpima mke, ikamkuta hana kasoro, ikamwita mume. Muuguzi akampa kikopo chenye kifuniko na kumwonyesha chumba chenye kiti cha plastiki na sinki.

"Funga mlango, ujitoe mbegu, uniletee kikopo."

"Nijitoe vipi?"

"Kwa mkono, kaka."

"Dada yangu, mkono huo ndio ulioniponza."

"Basi leo uache ukusaidie. Usikawie, kuna wenzako nyuma yako."

Majibu walikwenda kuyasikiliza wote wawili. Daktari, mama wa makamo asiye na papara, alisema mbegu zipo, ila ni chache. Neno ambalo Tanuri alilificha siku zote likamtoka.

"Ni punyeto, daktari. Nilijua siku nyingi. Nilimaliza gunia."

"Gunia gani?"

Akaeleza. Daktari hakumcheka. Alimwambia kwamba mwili wa mwanamume hutengeneza mbegu mpya kila siku, na kujichua hakuzimalizi wala hakumfanyi mtu kuwa mgumba. Wengi hufanya hivyo, waliooa na wasiooa, na hakuna ugonjwa hapo. Kisha akauliza kazi yake na namna anavyoifanya. Tanuri akasimama, akamwonyesha anavyojiegemeza kwenye mlango wa tanuri.

"Kila siku?"

"Kila siku. Ndiyo sifa yangu."

"Sifa hiyo huenda ndiyo inayokupunguzia mbegu. Sehemu hizo hazipendi joto. Kaa mbali na moto, tumia kipimajoto, tupime tena baada ya miezi michache."

Tanuri alicheka mpaka machozi yakamlenga. Miaka yote hiyo, kumbe bure. Akamgeukia mkewe wafurahi pamoja, akamkuta amekunja uso.

"Umesema ulijua siku nyingi," mkewe alisema. "Tangu lini?"

"Nilidhani tu. Kumbe sivyo, si umesikia?"

"Tangu lini, baba?"

"Tangu kabla hatujaoana."

"Kwa hiyo kila asubuhi nikiziba pua kunywa ile mizizi, wewe moyoni unaamini mgonjwa ni wewe."

"Niliona aibu, mke wangu."

"Aibu yako nimeinywa mimi."

Daktari alijifanya anatafuta kalamu. Tanuri alitamani gunia lingekuwa kweli, maana kosa la ujana mtu husamehewa. Hili lilikuwa la jana na juzi, na la leo asubuhi. Alijiona mdogo, na aliumia.

Walipofika nyumbani hakungoja kuambiwa. Mama alikuwa jikoni akichuja dawa ya kesho.

"Mama, usimpe tena. Mwenye tatizo ni mimi. Tangu mwanzo nilidhani ni mimi, nikanyamaza."

Mama akaweka chujio chini, akaanza. Alimwita mwoga, akamwita mwongo, akauliza amezaa mtu wa namna gani, na majirani watamwonaje yeye aliyemsema mtoto wa watu mitaa mizima. Alifoka kwa muda mrefu. Tanuri akamtazama mkewe, aliyekuwa amesimama mlangoni anasikia kila neno.

Mkewe hakumtetea.