Ng'ombe Watano kwa Mashua Moja

Jumatatu ilikuwa siku ya kufua nyumbani kwa Meja Whitlow, katika shamba la ngano na pareto upande wa juu wa Njoro. Namalwa, mpishi ambaye pia alikuwa dobi kwa kuwa Meja hakuona sababu ya kuajiri watu wawili, alianika kaptula za bwana wake kwenye kamba iliyotoka pua ya mashua hadi kwenye mti wa siprasi. Ilimbidi aanike mapema. Jua likishika kasi mashua ilikuwa imepanda, na kaptula zimepanda nayo, na aliyesahau kitu kambani alingoja mpaka maji yapwe kule Mombasa ndipo mashua ishuke.

"Mama Jerop," alimwita Chepkemboi aliyekuwa akipita na mkebe wa maziwa, "hebu nishikie hii shuka kabla haijaenda."

Chepkemboi alitua mkebe, akaishika shuka upande wake, wakaikunja. Juu yao mashua, iliyoitwa Ledi Edith, iliendelea kupanda taratibu, ikinuka rangi mbichi.

Ilikuwa mashua ya matanga, ya safari za bahari kuu, yenye vitanda vinne, jiko la mafuta ya taa na mlingoti uliopita paa la kanisa. Meja aliinunua Mombasa baada ya vita, ikiwa tayari imekula chumvi ya kutosha, akaileta kwa gari la moshi ili aitengeneze kwa utulivu. Alisema siku mambo yakiharibika Kenya ataabiri mpaka Uingereza bila kumwomba mtu ruhusa. Akaipa jina la mama yake, akaikalisha juu ya magogo nyuma ya nyumba. Tangu wiki ya kwanza, maji yakijaa Mombasa nayo iliinuka, mpaka mtu akapita chini yake bila kuinama. Yakipwa, ilirudi juu ya magogo bila kishindo. Kuku walizijua saa zake. Meja alipoitwa kuona, alisema, "Ndiyo, chombo kizuri," akarudi kwenye chai yake.

Mambo yaliharibika Kenya kama alivyotabiri, lakini hakuabiri. Mwaka wa hamsini na tatu, wakati wa hali ya hatari, malori yalipokuja kuwasomba Wakikuyu wote wa shambani, vitanda vyao vikabaki nje vikinyeshewa, Meja alikuwa juu ya ngazi akiipaka mashua rangi ya kijani. Baadaye aliona kijani hakipendezi, akarudia nyeupe.

Sasa ilikuwa hamsini na saba, na Kipkoech, mume wa Chepkemboi, alikuwa amekufa kwa kifua wakati wa baridi ya Julai. Mkataba wa kukaa shambani ulikuwa wa Kipkoech. Meja alimweleza mjane jambo hilo dirishani mwa ofisi, kwa Kiswahili chake cha kuvunja kuni.

"Bwana yako kwisha kufa. Sasa mwezi kwisha, wewe hapana kaa hapa. Wewe rudi nyumbani."

"Nyumbani ni wapi, bwana?"

"Reserve," alisema Meja. "Kule kwenu."

Chepkemboi alikuwa amezaliwa katika shamba lile, enzi za mzungu mwingine. Baba yake alizaliwa papo hapo kabla hapajawa shamba. Reserve, eneo ambalo serikali iliwatengea Waafrika, aliisikia tu, kama watu wanavyosikia habari za mbinguni. Tena alikuwa na ng'ombe watano, na sheria ya ng'ombe ilisema hivi: wa mtu asiye na mkataba wasikae shambani, na kwa sababu ya karantini wasipite barabarani. Chepkemboi aliuliza ng'ombe asiyeruhusiwa kukaa wala kwenda anatakiwa afanye nini. Aliambiwa swali hilo si la ofisi ile.

Meja naye alikuwa akiondoka. Alikuwa amemwuzia shamba Bwana Harcombe, jirani mwenye shingo nyekundu na matrekta matatu, na alikuwa amekata tikiti ya ndege. Kilichobaki ni Ledi Edith. Alitoa tangazo gazetini, na Jumapili hadi Jumapili wazungu walikuja kutoka Naivasha, Molo na Nakuru kuikagua, huku Namalwa akipitisha chai na kusikiliza. Kila mmoja alijua la kuangalia mtu anaponunua mashua iliyotumika. Wa kwanza alisema jambo kuu ni mbao za chini, akatoa kisu kidogo na kuzichokoachokoa mpaka Meja akaanza kukohoa. Wa pili alisema mbao si neno, mtu atazame matanga na kamba, maana huko ndiko gharama inakojificha. Bibi mmoja alitaka kujua kama mtu anaweza kusimama wima jikoni. Bwana mmoja wa Naivasha, ambaye hajapata kutoka nje ya ziwa lile la viboko, alieleza kwa urefu jinsi ya kuchagua chombo cha kuvuka Atlantiki. Walipanda ngazi mashua ikiwa chini, wakasahau wakati kwa maneno, na wengi wao walishushwa kwa kamba. Hilo halikumsumbua mtu. Waliosusa walisusa kwa sababu ya rangi. Hakuna aliyeuliza bahari iko umbali gani.

Chepkemboi alilifikiria jambo hilo kwa siku kadhaa akikamua. Kisha akajifunga leso safi, akaenda kubisha mlango wa nyuma.

"Nimekuja kuiona mashua, bwana."

Meja alicheka mpaka machozi yakamtoka. "Wewe nataka nini na mashua? Hapa hapana maji."

"Na wewe bwana ulitaka nini nayo?"

Meja aliacha kucheka, akachukua kofia.

Chepkemboi hakuwahi kununua mashua, lakini ng'ombe amenunua, naye anayeuza ng'ombe mzee humwosha kwanza. Kwa hiyo alianza na mahali palipong'aa. Aligonga mbao kwa kifundo cha kidole akisikiliza, akanusa pembeni mwa mkuku, ule mti mkubwa wa chini unaobeba mwili wote, akakuta rangi nene kuliko kwingine. Akaikwangua kwa ukucha. Ndani mbao ilikuwa laini kama boga lililosahaulika.

"Imeoza hapa."

"Kidogo tu," alisema Meja.

"Na matanga?"

Matanga yalikuwa yameliwa na panya. Pampu ilikuwa imekufa. Jiko liliwaka upande mmoja. Chepkemboi aliyatazama yote bila haraka, akaingia chumbani chini akakaa juu ya kitanda, akajaribu kitanda kingine. Alikuwa na nia ya kujua jambo moja tu, na hilo hakuligundua kwa kugonga. Alingoja. Maji yakaanza kujaa Mombasa. Sakafu ikasogea kidogo chini ya nyayo zake, na dirishani mstari wa siprasi ukaanza kushuka.

"Ng'ombe wangu watano," alisema alipotoa kichwa nje. "Na nanga ibaki. Na sufuria."

Meja, aliyejua kwamba ng'ombe wale wangebaki shambani bure mwezi ukiisha, aliona huu ni mchezo mzuri wa kusimulia klabuni. Akamwita Harcombe na Namalwa wawe mashahidi, akavua kofia akasema, "Ledi Edith sasa ya wewe, memsaab." Harcombe alicheka. Siku iliyofuata Meja alipanda ndege, na hakuna aliyemwona tena.

Chepkemboi alihamisha vyungu, kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando, na blanketi mbili. Alifuta jasho, akapanda, akavuta ngazi. Nyumba yake ya nyasi ilichomwa Ijumaa, kama mkataba ulivyotaka, naye akautazama moshi kutoka juu. Alilia kwa muda, kisha akashona. Matanga aliyatia viraka vya magunia ya pareto, na tundu la chini akaliziba kwa lami aliyoletewa na Namalwa.

Mwezi ulipoisha Harcombe alimleta koplo wa polisi, jina lake Kosgei, mtu wa heshima aliyependa kazi itimie bila kelele. Mashua ilikuwa juu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Nimetumwa kukutoa kwenye ardhi ya Bwana Harcombe."

"Mimi siko kwenye ardhi, mwanangu. Tazama."

Kosgei alitazama. Alipita chini ya mashua akatokea upande wa pili. "Ni kweli, bwana," alimwambia Harcombe. "Tungoje ishuke." Walikaa nyasini wakala mkate. Mashua iliposhuka, Kosgei aliomba radhi, akasema sasa mama amekanyaga.

"Nimekanyaga magogo," alisema Chepkemboi.

"Magogo ni yangu!" alisema Harcombe, na kwa kuwa alikuwa mtu wa vitendo alileta trekta na mnyororo, akayang'oa magogo yote ili mashua ianguke ivunjike na shauri liishe. Magogo yalitoka. Ledi Edith ilibaki ilipokuwa, mkono mmoja kutoka ardhini, ikiyumba kidogo.

Ikabidi bwana D.O., ofisa wa serikali wa wilaya, aje kutoka Nakuru. Alikuwa kijana mwenye masikio makubwa, aliyesomea sheria. Alipitisha fimbo yake chini ya mkuku, kutoka pua hadi mkia, na haikugusa kitu. Akakaa kwenye kiti cha turubai akafikiri. Sheria ilikataza mtu huyu kuwa *juu ya* ardhi ya mzungu, alisema, na waliotunga walimaanisha kukanyaga. Wangemaanisha hewa wangesema hewa. Kwa hiyo mama hana kosa. Hata hivyo nanga aliyoishusha mama ni chuma, na chuma kikiingia udongoni ni sawa na kuchimba msingi, na kuchimba msingi kumekatazwa kabisa. Nanga itolewe. Harcombe alisema huo ni wehu. D.O. alimjibu kwamba serikali haiwezi kuwa na wehu, inaweza tu kuwa na pengo, na pengo litazibwa.

Chepkemboi aliivuta nanga. Jioni ile upepo ulishuka kutoka milima ya Mau, ukaishika mashua ubavuni, ikaondoka.

Ilipita juu ya ngano ya Harcombe, juu ya chuo cha Egerton, juu ya reli. Ilipita nje ya Nakuru ambako watu waliokuwa wakitoka kazini walitazama juu, wakasogeza baiskeli zao ili mlingoti usikwaruze nyaya za simu. Popote ilipopunguza mwendo mtu alitokea kwenye ua akapunga kofia kwamba si hapa. Huko Solai, alikoolewa binti yake Jerop, mwenye shamba alisema mkataba unamtaja mkwe, haumtaji mama mkwe. Ziwani ndege heroe walimpisha, lakini askari wa manispaa alipiga filimbi. Upepo ulimpeleka mpaka reserve, na pale chifu alitoka na kiti chake akamuuliza maswali kutoka chini.

"Ukoo wako ni gani? Shamba la baba yako lilikuwa kilima kipi?"

"Baba yangu alizaliwa Njoro."

"Njoro ni ya wazungu," alisema chifu kwa upole. "Una ng'ombe?"

"Niliwatoa nikanunua hii."

Chifu aliitazama mashua kwa muda. Alikiri ni chombo kizuri, ila imeoza pale chini. Kisha akasema ardhi imejaa.

Upepo uligeuka, kama unavyogeuka katika bonde lile, ukamrudisha. Tangu hapo maisha yake yalikuwa hayo: usiku kwenda, mchana kurudi. Watu wa bonde walimzoea. Wenye mashamba walilalamika kidogo kuhusu kivuli juu ya pareto, wakaacha. Wamishonari walimpungia mkono. Kila alipopita Njoro, Namalwa, ambaye sasa alimfulia Harcombe, alisimama uani akapandisha chumvi na kiberiti kwa kamba, wakaongea kwa kupaza sauti mpaka upepo uwatenganishe.

"Unakosa nini, Mama Jerop?"

"Mboga," alijibu siku moja. "Nimechoka kula samaki wa mkebe. Mbegu za maharagwe ninazo. Sina pa kuzitia."

Wiki iliyofuata Namalwa alichota udongo palipokuwa shamba dogo la Chepkemboi, mahali ambapo Harcombe hakupanda kitu, akaujaza kwenye debe la mafuta lililotobolewa chini, akalifunga kamba. Chepkemboi alilivuta, kamba ikimchuna viganja. Aliliweka nyuma karibu na usukani ambako jua lilifika, akapanda mbegu kwa kidole, akalala pembeni yake usiku huo kama anayemlinda ndama. Maharagwe yaliota. Yalitoa majani mawili, kisha manne, kisha yakaanza kupanda kwenye kamba za tanga. Alikuwa hajafurahi hivyo tangu kifo cha Kipkoech, na kila alipopita watu walimsikia akiimba.

Harcombe ndiye aliyeona majani. Alikuwa amesimama uani na darubini, akaona kijani, na mzungu aliyelima miaka ishirini hujua kijani hakioti hewani.

Mashua ilipopita tena Njoro ikiwa chini, Koplo Kosgei alikuja na mizani, akaifunga kwa kamba kwenye siprasi. D.O. hakuwa na haja ya kufikiri safari hii. Mashua iko hewani na hewa haina mwenyewe, alisema, lakini udongo ni ardhi, na ardhi ya Bwana Harcombe haipotezi mwenyewe kwa kuwekwa kwenye debe. Mama amekutwa na kipande cha Nyanda za Juu, ambazo ni za wazungu, kinyume cha sheria. Namalwa alifutwa kazi siku hiyo hiyo, akaondoka kwa miguu kuelekea Kitale na sanduku kichwani, bila kumtazama mtu.

Kosgei alipanda ngazi mwenyewe. "Pole, mama," alisema, na pole yake ilikuwa ya kweli. Aliing'oa miche akaiweka kando, akalishusha debe, akaumimina udongo palepale ulipochotwa, akaukanyagia kidogo ulale sawa. Harcombe alihakikisha kwenye mizani kwamba haukupungua. Ulipungua kidogo. Kosgei akaelekezwa arudi juu, akaipangusa mizizi ya maharagwe moja moja, akaisuuza kwa maji ya chupa yake mpaka haikubaki hata chembe, akakusanya maji yale ya tope kwenye karai akashuka nayo.

Kisha akapanda mara ya tatu akamkabidhi Chepkemboi miche yake, kwa mikono miwili, mizizi ikiwa myeupe na safi. Mbegu zilikuwa zake, na serikali haichukui mali ya mtu.