Mashada Kumi na Manne ya Verlene

Verlene Pickett alikuwa akifunga shada la kumi na nne alipouona mkono wa mke wa mwanawe.

"Shondra, umejikwaruza wapi?"

"Sijui, mama. Imeanza asubuhi. Inawasha mpaka natamani kujing'ata."

Mistari myekundu ilizunguka kiwiko chake, na juu yake vilengelenge vidogo vimejipanga kama shanga. Verlene akaweka waya chini. Pale barazani mashada kumi na matatu aliyoyabeba Shondra yalikuwa yameegemea ukuta, majani ya mti wa magnolia yamefungwa matatu matatu, upande wa kijani uking'aa kwa mafuta ya kupikia, upande wa kahawia ukichungulia kama kiatu kilichopigwa brashi. Jumapili yangetundikwa kwenye milango na madirisha ya kanisa, kama kila Desemba kwa miaka thelathini na mmoja. Hakuna aliyewahi kuyatoa kasoro ila Bi Luberta Gaines, na huyo hulitoa kasoro hata jua.

Verlene akapindua shada moja, akapekua majani. Pete ya ndani hakuinunua. Wanaonunua pete za chuma dukani huwacheka, na humcheka zaidi ya wote huyo huyo Bi Luberta. Verlene husokota mizabibu mwitu kwa mikono yake. Mwaka huu aliikata kule kijitoni, majani yameshapukutika yote. Sasa akavaa miwani, akatazama.

Ule mmea mtambaa ulikuwa na manyoya.

Mzabibu hauna manyoya. Wenye manyoya ni ule mwingine, ambao kiangazi kila mtoto wa Mississippi huujua kwa majani yake matatu matatu na kuukimbia, maana ukikugusa utajikuna wiki tatu. Msimu wa baridi, ukiwa uchi, unataka macho. Verlene mwenyewe haumdhuru. Amejaliwa ngozi ya mamba, ndiyo maana aliukata kutwa nzima bila kushtuka.

"Kanawe. Maji baridi, na usijiguse uso," alisema. Kisha akakumbuka vile vipande vilivyobaki.

Jana alimpelekea dada yake Ozella furushi zima, awashie moto.

Ozella ana pumu. Mtambaa ule ukichomwa, sumu hupanda na moshi ikaingia kifuani. Mwenye mapafu mazima hulazwa hospitali, sembuse Ozella, ambaye hamalizi wimbo mmoja kanisani bila kukaa chini. Na Ozella huwasha moto saa kumi kamili, tamthilia yake ikiisha. Saa ya ukutani ilisema kumi kasoro dakika kumi na mbili.

Akapiga simu. Ikaita mpaka ikachoka. Tamthilia ikianza, Ozella hufungulia televisheni hadi vioo vitetemeke.

"Twende na gari, mama."

"Ni dakika ishirini mpaka kule."

Mtu wa kufika kwa dakika mbili alikuwa mmoja tu, aliyepakana na Ozella ua kwa ua. Verlene akaitazama simu kama chura aliyewekwa kiganjani. Dakika nzima ikapita hivyo. Dakika hiyo ataijibia siku moja.

"Bi Luberta, ni Verlene."

"Verlene yupi?"

"Kwani unao wangapi? Nenda kwa Ozella sasa hivi. Asiwashe moto."

"Kwa nini?"

"Vile vijiti si vya mzabibu. Ni mtambaa wa sumu."

"Nani alivikata?"

"Mimi."

"Ngoja nipunguze jiko, sikukusikia vizuri. Nani?"

"Mimi, Luberta. Mimi Verlene Pickett nimeshindwa kujua mzabibu na sumu. Kimbia, utanicheka huko njiani."

Simu ikakatika.

Shondra aliendesha kwa mkono mmoja, wa pili ameubana chini ya paja usije ukakuna. Walipokata kona ya mwisho, dohani la Ozella lilikuwa likitoa moshi.

Verlene alishuka gari likiwa bado linatembea. Akasukuma mlango. Ozella alikuwa kitini, amenuna, kichwani vibiringishi vya nywele, anapumua kama watu wengine.

"Verlene, mtu gani huyu umenitumia? Ameingia bila hodi, amenipokonya kiberiti, tena mwisho wa tamthilia sijauona."

"Na huo moto?"

"Kuni zangu za mwaloni," alisema Bi Luberta kutoka jikoni. "Ningemwacha mgonjwa agande? Sumu yako nimeitupa nyuma ya banda."

"Uliibeba na nini?"

"Na mikono yangu. Nimeikumbatia hivi."

Mikono ya gauni lake iliishia juu ya viwiko. Verlene akamtazama, naye Bi Luberta akajitazama, taratibu, kuanzia vidoleni kwenda juu.

Sasa wote wawili walikuwa kwenye sinki, maji baridi yakitiririka, Verlene akimsugua Bi Luberta mikono kwa sabuni ya vyombo.

"Itachukua muda gani kujua?" aliuliza Bi Luberta.

"Kesho. Keshokutwa."

"Jumapili, basi. Nikiamka najikuna, nitasimama wakati wa ushuhuda, na nitaanzia kijitoni."

"Anzia utakapo."

"Na milangoni patakuwa na pete za chuma."

Verlene akaongeza sabuni. "Za chuma," alisema. "Hebu geuza mkono."

"Panda juu zaidi. Hapo ndipo ilipolala."