Kipande cha Nzilani

Asubuhi ile Nzilani aliteleka sufuria ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, akachochea moto, akafagia jiko, na chakula kilipoiva akaiepua sufuria yeye mwenyewe. Kisha akasimama nayo mkononi katikati ya jiko, moshi ukimwingia machoni, akajiuliza: ni mimi huyu?

Maana tangu ile homa ya mwaka uliopita, alikuwa hajateleka chakula akakiepua bila kwenda kujinyoosha kitandani katikati. Homa yenyewe ilikuja ikaondoka, lakini uchovu iliouacha ulikataa kutoka. Kuchana nywele kulimchosha. Kuitikia salamu kulimchosha. Hospitalini walimpima damu, wakampima kila kinachopimwa, wakasema hawaoni ugonjwa. Basi akarudi nyumbani, huku kwao nje kidogo ya Masii, na huo usio ugonjwa, akalala.

Aliyemwamsha ni binti yake Linet, anayeshona nguo kiwandani na kupanga chumba Mlolongo. Linet naye zamu za kiwanda ziliwahi kumkausha, mpaka jirani mmoja pale ploti akamfundisha yoga juu ya paa, kati ya kamba za kuanikia nguo. Alipokuja nyumbani mwisho wa mwezi, alitandika mkeka sebuleni.

"Mwaitu, lala chali. Sogea mpaka makalio yaguse ukuta, halafu inua miguu juu."

"Miguu juu? Mimi, mama yako?"

"Vaa suruali ya baba."

Mutuku alirudi kutoka kufunga mbuzi, akakuta suruali yake imesimama ukutani na mke wake yuko ndani yake. Alivua kofia.

"Mama Linet, umeanguka ama ndio dawa?"

"Napumua."

"Na miaka hii yote ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa napika chakula chako. Funga mlango, upepo unaingia."

Linet alimfundisha mambo machache tu, yote ya polepole. Kupiga magoti, mikono chini, kuukunja mgongo kama paka na kuulegeza tena. Kuinamisha paji la uso mkekani na kutulia hapo. Kuvuta hewa kwa pua, halafu kuitoa kidogo kidogo, kama mtu anayepuliza uji wa moto bila kutaka kuumwaga.

Sasa, Nzilani alikuwa mwanamke wa mwethya, kile kikundi cha wanawake wanaolimiana mashamba kwa zamu. Katika mwethya kila mtu hupewa kipande chake cha kuchimba, na kabla ya homa, Nzilani ndiye aliyekuwa akimaliza wa kwanza, anasimama juu ya tuta lake akiwacheka wengine. Basi yoga akaifanya vivyo hivyo. Linet alisema kidogo, yeye akafanya mpaka jasho. Alivuta hewa kama anayevuta ndoo kisimani. Kesho yake hakuweza kuinua kikombe. Alilala siku baada ya siku, na alipopata sauti alimpigia binti yake simu.

"Hii kitu yako imenimaliza."

"Ulifanyaje, mwaitu?"

Nzilani akaeleza. Upande wa pili kicheko kikalipuka.

"Mwaitu, hapo kwa mkeka hauko mwethya. Unashindana na nani? Ukisikia bado uko na nguvu, hapo ndipo unaacha."

"Niache na niko na nguvu? Uvivu huo ulitolea wapi?"

"Hiyo unayobakisha ndio utaamka nayo kesho. Jaribu tu."

Alijaribu, kwa shingo upande. Kuacha kabla ya kuchoka kulimwuma kuliko kuchoka kwenyewe. Lakini aliamka, na kesho yake akaamka tena. Akafika langoni kumsindikiza mgeni. Akaokota kuni. Siku moja alijikuta anaimba bila kukusudia, akanyamaza kwa mshangao. Na sasa sufuria hii ya muthokoi.

Alikuwa angali ameishika wakati Mumo, mwenyekiti wa mwethya, alipopiga hodi. Mumo hakuwa mtu wa kuzunguka maneno.

"Mvua iko karibu, Mama Linet. Umeona bonde lililochimbwa na maji kwako? Limefika wapi?"

"Limefika kwa ndizi."

"Mvua hii likifika jikoni, tutakuona ukipika ndani ya mto. Wewe unahitaji mitaro ya kuyakinga maji, na sisi tungechimba. Lakini misimu miwili tumekusamehe, na wanawake wameanza kusema. Kesho tuko kwa Kanini. Njoo na jembe, umalize kipande kama sisi wote. Ukimaliza, tunakuja kwako. Usipoweza, sina la kuwaambia, na baada ya mvua kunyesha tutakuwa tumefunga kazi ya mitaro."

"Nitakuja," Nzilani alisema, kabla hajajiuliza kama ataweza.

Kesho yake mawingu yalikuwa yamejaa upande wa Yatta. Shambani kwa Kanini wanawake walipanga mstari kwenye mteremko, kila mmoja na kipande chake, wakaanza kuchimba na kurusha udongo upande wa juu. Wimbo ukaanzishwa. Jembe la Nzilani lilishuka, na pumzi ikatoka polepole, na mikono, Mungu wangu, mikono ilikumbuka. Udongo uliruka. Harufu yake ilimpanda kichwani. Alitamani kupiga kelele.

Ndiyo maana alisimamisha jembe. Bado alikuwa na nguvu. Hapo ndipo pa kuacha. Akashuka ndani ya mtaro, akalala chali, akaegemeza miguu kwenye ukuta wa udongo, soli za viatu zikaangalia mbinguni.

Wimbo ulikatika.

"Mama Linet," aliita Kanini kutoka kipande cha pili, "tukuletee blanketi?"

"Mwacheni," akasema mwingine, "anaongea na mawingu, anayaomba yangoje."

"Yamekubali," Nzilani akajibu kutoka chini. "Yamesema Kanini apunguze mdomo aongeze jembe."

Walicheka mpaka wimbo ukashindwa kurudi mahali pake. Akainuka, akachimba. Akalala tena. Akachimba. Kila aliposhuka mtaroni maneno yalimfuata, naye akayarudisha, lakini Mumo hakucheka. Alikuwa akitazama.

Jua lilipopanda, Nzilani alifika penye mwamba laini mwishoni mwa kipande. Akatupa jicho kando: Kanini alikuwa amebakisha kama yeye, sawa kwa sawa. Damu ilimchemka. Alijua angeweza kumpita. Mapigo machache tu ya jembe, kama zamani, asimame juu ya tuta amcheke mpaka amchoshe. Na alijua pia kitandani kulivyo, dari ilivyo, siku zinavyopita mtu akihesabu misumari ya mabati.

Aliweka jembe chini.

Kanini alimaliza, akapiga vigelegele. Wengine wakamaliza. Vikombe vya uji vilianza kuzunguka. Nzilani alikuwa chali mtaroni, peke yake, akipuliza hewa, akisikia watu wakinywa.

"Basi ameshindwa," mtu alisema kwa sauti ya huruma, na huruma hiyo ilimchoma kuliko mzaha wote.

Aliinuka. Akachukua sululu, akaupiga mwamba polepole, pumzi kwa kila pigo, bila kumtazama mtu. Uliachia. Akarusha udongo wa mwisho, akaupigapiga kwa sepetu, akabaki amesimama. Miguu haikutetemeka. Aliisubiri itetemeke, ikakataa.

Mumo alishuka na fimbo ya kupimia, akaichomeka hapa, akaichomeka pale, akafika mpaka mwisho.

"Kina kiko," alisema. "Umelala sana leo."

"Nimelala."

"Sijawahi kuona mtu akilala kazini akamaliza kazi." Akapangusa fimbo kwa leso. "Haya. Mtaro hauulizi ulichimbwaje. Keshokutwa tuko kwako, na tukifika tukute chakula."

"Mtakuta."

"Na huko kwako utachimba ama utalala?"

"Vyote viwili."

Kanini alimletea uji, akakaa kando yake, akamwuliza kwa sauti ya chini kama ile miguu juu inasaidia pia kiuno. Nzilani akamwambia aje na suruali.

Alipoondoka, moyo ulimsukuma akimbie. Mutuku alikuwa nyumbani hajui lolote, na habari hii ilikuwa inamrukaruka kifuani. Aliongeza mwendo, akaongeza tena, mpaka akasikia mapigo masikioni. Akasimama. Mitaro ya kwake ilikuwa bado kuchimbwa, na furaha nayo ilikuwa inakula nguvu.

Akaketi juu ya jiwe kando ya njia, akanyoosha miguu, akavuta hewa kwa pua. Alianza kuitoa kidogo kidogo, kicheko kikaikata katikati. Akaanza upya.