Karako ya Toinette

Perrine alikuwa na pini mdomoni, akishona kwa furaha iliyomnyima hata kifungua kinywa. Karako ilikuwa imebakiza mkono mmoja tu. Kikoti hicho kipana cha nyumbani, kisicho na mifupa ya nyangumi ya kubana mbavu, mabibi wakubwa wa Paris walikivaa asubuhi wakinywa chokoleti. Sasa Toinette, muuza utumbo, alikitaka cha maua mekundu, akivae sokoni Jumapili. Wenzake wakikiona tu, Perrine hatakosa kazi tena.

"Mkaguzi anapanda ngazi," jirani akanong'ona mlangoni.

Chama cha mafundi kilimkataza kushonea wateja kwa kuwa hakuwa mwanachama, na kiingilio chake walikimudu wenye maduka tu. Wakaguzi wakikuta kazi ya mteja, hubeba kitambaa chote. Perrine akaivaa karako hivyo hivyo, mkono mmoja bado. Toinette alikuwa mnene mara mbili yake, lakini nguo hizi hufungwa kwa pini. Akakunja, akabana, akakunja tena.

Mkaguzi, Bwana Lenormand, akaingia bila hodi. "Ya nani hiyo?"

"Yangu, bwana. Kujishonea si kosa."

"Mbona imekumeza?"

"Ndiyo raha yake. Mtu anapumua."

"Basi nami nitapumua hapa," akasema, akaketi. "Tumwone atakayeifuata."

Moyo ulimdunda Perrine hadi pini zikamchoma. Ngazi zikalia. Toinette akatokea, akayaona maua yake mwilini mwa mwingine, kisha akamwona mkaguzi.

"We Perrine, unapendeza peke yako? Nilikuja kuazima chumvi, kumbe kuna harusi."

Lenormand alijua anadanganywa, na ushahidi hana. Akachukua mkasi mezani, akasema ni wa uchunguzi, akashuka nao. Ulikuwa wa marehemu mama yake Perrine, na mwingine hakuwa nao. Perrine akalia.

"Nyamaza, mwanangu." Toinette akatoa mkasi wake wa utumbo kwenye aproni. "Unanuka, lakini unakata."

Perrine akausugua kwa siki, akakata mkono uliobaki. Jumapili Toinette akapita sokoni akijizungusha, wanawake wakimshika nguo.

Jumatatu asubuhi mtumishi wa kike alibisha, kitambaa cha buluu kwapani. "Bibi yangu anataka kama ile. Mafundi wa chama wanambana mno."

"Bibi yupi?"

"Bibi Lenormand."

Perrine alicheka mpaka akaegemea mlango.

"Mwambie mkasi wangu uko kwa mumewe. Ukija, naanza."